Kaniki kala uzi: kwa nini paka wengine wanakula vitu visivyoliwa

Mama mdogo wangu ni fundi cherehani, kibanda chake kipo Mwanga hapa Kigoma, na paka wake anaitwa Kaniki kwa sababu ni mweusi tii. Jina lenyewe limegeuka kichekesho maana huyo paka anakula nguo. Yaani sio kuchezea, anakula. Ukiacha kipande cha kitenge kwenye kiti ukaenda kumpima mteja, ukirudi unakuta pindo limeliwa nusu duara kama limekatwa na mkasi mbovu, limelowa mate, na Kaniki kakaa pembeni anajilamba mguu kama hajui lolote. Ameshamaliza soksi, kona ya foronya, mkanda wa ndala, na kuna siku aliutafuna mfuko uliobebewa dagaa mpaka ukawa kama wavu.

Mtaani kila mtu ana maelezo yake. Jirani wa kulia anasema ana njaa, wa kushoto anasema kadekezwa, na kuna mzee mmoja anapita pale kila jioni yeye anasema huyo sio paka, na hapo unajua maongezi yanaelekea wapi, mambo ya paka mweusi naomba tuyaache. Mi nimelifuatilia hili jambo muda sasa, nimesoma na kumsumbua sana daktari wa mifugo kwa maswali, na nilichokuja kukiona ni kwamba wote tulikuwa tunakosea mahali pamoja: tunachukua mambo matatu tofauti tunayatia kapu moja tunasema "anakula vitu", halafu tunatafuta sababu moja na dawa moja.

Kwanza jina. Kitaalamu hii tabia inaitwa pika, haihusiani na jiko, ni jina la Kilatini la ndege mmoja wa Ulaya wa ukoo wa kunguru anayesifika kwa kudonoa chochote anachokiona. Na wala sio ya paka peke yake. Mjamzito anayenunua udongo wa kutafuna pale sokoni, hiyo ni pika. Ng'ombe anayeokota mfupa mkavu porini akautafuna kutwa nzima, wafugaji wa huku wanamjua vizuri, naye mara nyingi amepungukiwa madini ya fosforasi kwenye malisho. Kwa hiyo neno linasema tu kiumbe anakula kisichokuwa chakula, halisemi kwa nini. Ni kama kusema mtu "ana homa". Sawa, homa ya nini sasa?

Tuje kwenye hayo matatu. Kuna kunyonya, kuna kutafuna, na kuna kumeza.

Kunyonya utakujua tu ukimtazama paka mwenyewe. Anachukua blanketi au sweta, anafumba macho, anakandakanda kwa miguu ya mbele kama mtu anakanda unga wa chapati, anakoroma kwa raha na mate yanamtoka. Hiyo kandakanda ndo anayoifanya mtoto wa paka kwenye ziwa la mama yake ili maziwa yashuke. Mkubwa anayefanya hivyo kwenye sweta lako anajituliza, kama mtoto anayenyonya kidole. Sweta litalowa na kunuka, basi, mwache.

Kutafuna ni meno. Paka mdogo anabadilisha meno kuanzia kama miezi 3 hadi 6 hivi, fizi zinamuwasha, anang'ata kila kitu, boksi, kandambili, waya wa chaja. Wengi wanaacha wenyewe meno yakikamilika. Hapa cha kuogopa ni waya wenye umeme, maana utamuunguza mdomo au umuue palepale, kwa hiyo chomoa chaja ukutani ukimaliza kuchaji, ambayo kwa kweli ilitakiwa uwe unafanya hata kama hufugi paka.

Kumeza sasa ndo penyewe. Na shida ni kwamba anayenyonya anaweza kuja kuwa anayetafuna, na anayetafuna akaja kuwa anayemeza, na wewe kwa macho unaona ni paka yuleyule na blanketi lilelile. Kaniki alianza kwa kunyonya sweta la mama mdogo alipokuwa kadogo kabisa, tukawa tunampiga picha, anapendeza. Hakuna aliyeona ni siku gani kitambaa kilianza kupungua.

Wazungu wamelichunguza hili kwa sababu paka zao wa mbegu fulani wanalo sana. John Bradshaw na wenzake kule Uingereza walichapisha utafiti mwaka 1997 wa paka 152 wenye hii tabia, na zaidi ya nusu walikuwa wale wa Siam, wale warefu wenye uso mweusi na macho ya bluu. Walichokula zaidi ni sufu ya kondoo, asilimia 93 ya paka waliigusa, pamba asilimia 64, vitambaa vya nailoni na jamaa zake asilimia 54. Ukiona mbegu moja imejaa hivyo unajua kuna kitu kinatembea kwenye damu ya ukoo. Halafu 2015 ukaja utafiti wa Marekani kwa paka 204 wa Siam na wa mbegu nyingine inayoitwa Birman, ukakuta kwa hao Birman walioachishwa ziwa mapema na waliozaliwa wachache kwa uzao mmoja walikuwa na hatari zaidi ya kunyonya sufu, ila kwa Siam haikuwa hivyo, kwao kilichoonekana ni kuwa na ugonjwa mwingine mwilini. Mwaka uliofuata watafiti wa Canada wakaangalia paka wa majumbani tu, wanaokula vitu na wasiokula, na wao hawakuona tofauti kubwa kwenye kuachishwa ziwa wala kwenye mazingira ya nyumba. Walichoona ni kwamba vitu vilivyomezwa zaidi ni kamba za viatu na nyuzi, kisha plastiki, kisha vitambaa, na kwamba paka waliokuwa na chakula mbele yao muda wote walikuwa wachache zaidi kwenye kundi la wanaokula vitu.

Sasa mtu akisoma hapo anasema mbona wanapingana. Mi naona hawapingani, kila mmoja kashika kipande chake cha lile kapu. Aliyechunguza kunyonya kapata sababu za kunyonya, aliyechunguza kumeza kapata za kumeza.

Haya, turudi kwetu, kwa sababu Kaniki sio wa Siam, ni wa Kibirizi, hapahapa Kigoma. Aliletwa kwenye boksi la sabuni na mama muuza dagaa, akiwa na wiki kama nne, tano hivi. Na hiyo ndo desturi yetu, paka akizaa tu watu wanaweka oda kwa ajili ya panya, macho yakishafunguka na akaweza kukimbia anaondoka, wakati mtoto wa paka anatakiwa akae na mama yake angalau wiki 8, na wengi wanashauri afike hata 12. Kwa hiyo sijashangaa Kaniki kunyonya sweta. Hilo halina mganga, lilishapita.

Ila kinachomfanya aung'ang'anie ule mfuko na ile nguo mahususi, mara nyingi kwa hapa Kigoma ni harufu. Fikiria mwenyewe. Mfuko umebeba dagaa wabichi kutoka mwaloni. Aproni ya jikoni imedondokewa mawese miezi 6. Kitenge cha mama kimefutiwa mikono baada ya kuparua samaki wa migebuka. Kwa pua ya paka hicho ni chakula chenye ganda gumu kidogo, na hawezi kujua kwamba chakula kimeshaondoka kimebaki harufu. Nilifanya jaribio la kijinga, nilimuwekea Kaniki vipande viwili vya kitenge kilekile, kimoja nimekifua na sabuni mara mbili nikakianika, kingine nimekitoa kwenye kapu la jikoni. Alinusa vyote. Kile kilichofuliwa alikilalia, kile cha jikoni alikichukua mdomoni akaingia nacho uvunguni. Mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019 na imepungua kweli, lakini vile vifuko laini vya kufungia bado vipo, na hivyo ndo anavyovipenda.

Na kuna suala la njaa ya vipindi. Wanaojua uvuvi wa huku wanajua dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi, mitumbwi inakaa. Siku hizo dagaa wabichi wanaadimika na bei inapaa, na paka wa mtaani ambao mwezi mzima walikuwa wanaishi kifalme wanarudi kwenye ugali. Paka ni mla nyama wa kuzaliwa, mwili wake unahitaji kirutubisho kinachoitwa taurini ambacho unga wa mahindi hauna, akikikosa kwa muda mrefu macho na moyo vinaharibika. Sisemi ugali ndo unamfanya ale soksi. Nasema paka mwenye tumbo tupu kutwa nzima, akipewa mlo mmoja usiku, ana saa nyingi za kuzunguka na kujaribu vitu, na akishazoea hata ukimshibisha baadaye anaendelea tu.

Ukiacha harufu na njaa, sababu ya tatu ndo ya kuogopa zaidi na ndo watu wanaisahau kabisa: ugonjwa. Hapa swali la kwanza ni lini ameanza. Paka aliyeanza utotoni na anaendelea vilevile, hiyo inaweza kuwa tabia. Lakini paka wa miaka 7 au 8 ambaye hajawahi kugusa kitu, ghafla anaanza kulamba ukuta, kula jivu la jikoni, kula mchanga wa choo chake, huyo usimwite mtundu, huyo mpeleke akapimwe. Upungufu wa damu unafanya hivyo kabisa, na damu ya paka inaweza kuisha kwa minyoo, kwa viroboto wengi (paka mdogo viroboto tu wanaweza kummaliza), kwa virusi vya paka vinavyoshusha kinga, hata kwa mchuzi wetu, maana vitunguu maji na vitunguu saumu vinavunja chembe nyekundu za damu ya paka, na nani kati yetu anampa paka mabaki yasiyokuwa na kitunguu? Kuna pia magonjwa ya utumbo, meno mabovu, kisukari, na kwa paka wazee tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, unamwona anakula kama mashine na bado anakonda.

Kipimo cha nyumbani ni kimoja na hakina gharama, mfunue mdomo uangalie ufizi. Ukiwa wa pinki vizuri, afadhali. Ukiwa mweupe kama karatasi, usisubiri Jumatatu. (Paka wengine wana fizi nyeusi za kuzaliwa, Kaniki ni mmoja wao, kwa hao funua kope la chini uangalie ndani.)

Sasa uzi. Hapa niruhusuni nikae kidogo.

Watu wanadhani kadiri kitu kinavyokuwa kikubwa ndo kinavyokuwa hatari. Kumbe paka akimeza kipande cha kitambaa kidogo mara nyingi kitatoka na haja au atakitapika, kikiwa kikubwa kitaziba. Uzi haufuati hesabu hiyo. Kwanza ulimi wa paka, ule unaokwaruza kama msasa, umeota vimiba vidogo vigumu vya kitu kilekile kinachotengeneza kucha, na vyote vimelala kuelekea kooni. Vinamsaidia kukwangua nyama kwenye mfupa na kuchana manyoya. Lakini uzi ukishaingia mdomoni hawezi kuutema, kila akichezesha ulimi unaingia zaidi. Kwa hiyo paka mwingine alikuwa anachezea tu, hakuwa na nia ya kula, ulimi ndo umemlisha.

Mwezi wa nne mama mdogo alinipigia asubuhi. "Mwanangu njoo, Kaniki hajala tangu jana, anatapika povu la njano, kajikunyata chini ya cherehani hataki kuguswa." Nikafika na daktari kwa bodaboda. Yule daktari hakuanza na tumbo, alianza na mdomo. Alimshika kichwa, akafungua taya, na dole gumba la mkono mwingine akalisukuma kwa nje, pale chini ya kidevu katikati ya mifupa ya taya, ulimi ukainuka wote. Chini yake kwenye shina kulikuwa na uzi mwekundu umezunguka mara moja, umekaza mpaka umeanza kukata nyama, ncha zote mbili zimeingia kooni. Ni uzi wa bobini, tuliujua palepale, ulikuwa wa sare za shule.

Mama mdogo akapeleka mkono auvute. Daktari akamdaka kifundo cha mkono. "Mama, ukivuta umemuua."

Akatueleza pale pale amechuchumaa. Utumbo kazi yake ni kusukuma vitu kwenda chini. Ncha moja ya uzi ikinasa juu, kwenye ulimi au kwenye mlango wa kutokea tumboni, utumbo unasukuma ile ncha nyingine na haiendi, kwa hiyo badala ya uzi kushuka utumbo ndo unaupanda uzi. Akamuuliza mama mdogo, unapovuta kamba ya bukta kiuno kinakuwaje? Mama mdogo akasema kinajikunja marinda. Ndo hivyo, utumbo unajikunja marinda, na uzi umekaza katikati yake unakuwa kama msumeno, kila utumbo ukijongea unakatwa kidogo, ukitoboka uchafu unamwagika ndani ya tumbo. Ukivuta uzi wewe kutoka mdomoni au kule nyuma unaimalizia tu hiyo kazi.

Kaniki alikuwa na bahati kwa sababu ilikuwa mapema. Daktari aliukata pale chini ya ulimi ili uachie, akampa maji ya mshipa, akampapasa tumbo asubuhi na jioni, na siku ya tatu uzi ukatoka wenyewe, kama futi mbili. Alituambia tusifanye hiyo kuwa kanuni, wengi wanaishia kupasuliwa, na wanaochelewa hawafiki hata kwenye kupasuliwa.

Mi nilikuwa nimenyamaza muda wote. Kabla ya Kaniki pale kibandani kulikuwa na paka mwingine, wa kijivu. Alikuwa na uzi unaning'inia nyuma, kama sentimita 10, watu wanacheka. Aliyeuvuta ni mimi.

Kwa hiyo kama uko Ujiji au Katonga na wavuvi wanashona nyavu barazani kwako, vile vipande vya nailoni vinavyobaki chini vina mambo yote mawili, ni uzi na vinanuka samaki. Viokote. Sindano yenye uzi, kamba ya viatu, uzi wa kufungia gunia, nywele za bandia wakimaliza kusuka, vyote ndugu mmoja. Ukiona uzi umetokeza popote, mdomoni au nyuma, usivute, funga safari. Ukiwa mrefu sana anaukanyaga punguza kwa mkasi ila acha kipande kinachoonekana. Na usimnyweshe chumvi atapike, chumvi nyingi inamuua yenyewe. Usimpe na panadol ya maumivu, kidonge kimoja kinatosha kumuua paka, ini lake haliwezi ile dawa.

Kwa yule ambaye hajameza kitu, ila anayo tabia, kazi kubwa ni kuficha na sio kumfundisha. Tulijaribu pilipili kwenye pindo, akahamia pindo la pili. Tulijaribu kumfokea, akajifunza kula kitambaa tukiwa hatupo, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu hatujui kameza nini. Kilichosaidia ni vitu vya kawaida sana: nyuzi zote kwenye kopo la Blue Band lenye mfuniko, vipande vya vitambaa kwenye ndoo yenye kifuniko, nguo za jikoni zinafuliwa zisilale. Chakula kikagawanywa mara 4 badala ya 1, dagaa waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu, wengine tunawatia ndani ya vile vishimo vya boksi la mayai, inabidi awachokoe kwa mguu, inamchukua dakika 20 nzima na akimaliza analala. Nje aliachwa ale majani, hilo ni jambo la kawaida kwa paka na halina uhusiano na pika, mradi hayajapuliziwa dawa. Na mchezo wa kumvutia uzi akimbize tuliuacha, maana tulikuwa tunamfundisha wenyewe.

Zipo pia dawa za kutuliza akili ambazo madaktari wa wanyama wanatumia kwa paka walioshindikana, fluoxetine na clomipramine, lakini hizo ni za kupimiwa kwa uzito na daktari, sio za kuomba kwa mtu aliyebakiza.

Je, Kaniki kaacha? Hapana. Lile sweta la zamani kakabidhiwa rasmi, lipo kwenye kapu lake, jioni analikanda na kulinyonya huku anakoroma kushinda cherehani, na mama mdogo kila Jumapili analipima kwa futi yake ya ufundi, upana na urefu, anaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Jumapili iliyopita lilikuwa halijapungua.